Panga Mbili, Nyumba Mbili

Wahenga walisema kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Neno hili limekubaliwa kwa muda mrefu hata watu wameacha kuliuliza. Lakini swali lipo, wala si dogo: je, ni tabia ya mafahali inayowakataza kukaa pamoja, au ni wembamba wa zizi walilojengewa? Ye yote awezaye kulijibu kwa haki atakuwa amejibu pia swali la wanadamu.

Na ichukuliwe, kwa mfano, kuwa wasichana wawili wa shule wameketi kivulini huko Makuyuni, katika wilaya ya Korogwe, mahali ambapo jina lake lenyewe lataja mikuyu. Mmoja ni wa ukoo wa Kizigua, wa pili ni wa ukoo wa Kisambaa. Kila mmoja ana kitabu cha hadithi za picha, na katika kila kitabu yumo mwanamke shujaa mwenye upanga mkononi. Ila vitabu vimetoka katika nyumba mbili zishindanazo. Wa kwanza asema: "Wakipigana hawa, wangu atashinda." Wa pili asema: "Wakisaidiana hawa, nani atasimama mbele yao?" Mpita njia aweza kucheka, akaona kuwa hayo ni maneno ya watoto. Lakini wasichana hao wameuliza maswali mawili ambayo watu wazima huyauliza kila siku kwa majina mengine. La kwanza ni swali la nguvu, na la pili ni swali la wema.

Ndoto ya namna hii ina umri. Nyumba mbili za uchapaji zilizokua katika mji wa New York, DC na Marvel, zimeshindana miaka mingi kwa kuuza hadithi za watu wenye uwezo upitao wa binadamu. Kila moja ina ulimwengu wake, wenye miji yake, maadui wake na mashujaa wake. DC ina Wonder Woman, aliyetungwa mwaka 1941 na William Moulton Marston. Marvel ilimleta Valkyrie mwaka 1970, na mwaka 1973 ikamleta Red Sonja, mpiga upanga mwenye nywele nyekundu. Wasomaji hawakukoma kuwaza ingekuwaje kama mashujaa wa huku wangesimama bega kwa bega na mashujaa wa kule. Nyumba zenyewe zilipatana mara chache. Mwaka 1976 zilichapisha pamoja hadithi ya Superman na Spider-Man. Hadithi nyingine, ya kukutanisha makundi makuu ya pande zote mbili, ilianza kuchorwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikavunjika kwa ugomvi wa wahariri, ikalala miaka ishirini hivi, ikatoka mwaka 2003 na 2004.

Hapo pana fundisho la kwanza. Katika miaka hiyo yote mashujaa hawakuwa na neno wao kwa wao. Hawakutukanana wala hawakudaiana. Waliogombana ni wenye nyumba. Fahali alifungiwa zizini kwa kufuli ya mfanya biashara, kisha ikasemwa kuwa ni desturi ya mafahali kutopatana. Mwenye kuwaza urafiki wao, basi, hakupotoka. Ameuliza tu ugomvi ni wa nani, na hilo ni swali la kwanza la haki.

Lakini kukutana peke yake si wema. Mwaka 1996 nyumba hizo mbili ziliwakutanisha watu wao tena, na wasomaji wakaombwa kupiga kura kuamua washindi wa mapambano matano. Pambano moja lilikuwa la Wonder Woman na Storm. Huyu Storm alionekana mara ya kwanza mwaka 1975, na mama yake ametungwa kuwa binti wa ukoo wa kifalme wa Kenya. Silaha yake si upanga bali ni upepo na radi. Kabla ya pambano Wonder Woman alikuwa ameipata nyundo ya Thor, ambayo hainuliwi ila na mtu anayestahili kuichukua. Angaliweza kuitumia. Aliiweka chini, kwa kuona kuwa si haki kumpiga mwenzake kwa nguvu ya kuokota. Akapigana bila nyundo, akashindwa, maana kura za Storm zilikuwa nyingi zaidi.

Kura zilihesabu nguvu; nyundo iliyowekwa chini haikuwa na mtu wa kuihesabu. Hata hivyo, katika hadithi yote hiyo, tendo lile dogo ndilo lililokaribia ushirika wa kweli. Mtu aliyeacha silaha kwa heshima ya mshindani wake amekwisha kumwona kuwa ni mwenzake. Shujaa hajulikani kwa kufuta upanga tu, maana hata mnyang'anyi hufuta upanga. Hujulikana kwa kujua ni lini aurudishe alani, na kwa ajili ya nani.

Mwaka ule ule nyumba hizo zilijaribu njia nyingine. Ziliwachanganya Wonder Woman na Storm wakawa mtu mmoja, akaitwa Amazon: jina lake ni Ororo, ambalo ni jina la Storm, na malezi yake ni ya kisiwa cha Wonder Woman. Ulikuwa werevu wa kuchora, lakini haukuwa urafiki. Wako watu wengi wanaodhani kuwa umoja ni kumezana: kabila moja limeze jingine, lugha moja ifute jingine, mke apotee katika mume. Ushirika hutaka wawili. Aliyebaki peke yake hana wa kumsaidia, wala hana wa kumkosoa.

Hapa mtu mwenye busara aweza kupinga. Atasema kuwa hawa wote ni watu wa karatasi, na kwamba nchi yenye mashujaa wake wa kweli haina haja ya kuazima wa ng'ambo. Pingamizi hili lina uzito, na lastahili kupimwa kwa watu wa kweli.

Katika Ungoni aliishi Nkomanile, mwanamke kiongozi aliyempokea Omari Kinjala, mjumbe wa maji, wakati wa vita vya Maji Maji. Wajerumani walimnyonga mwaka 1906. Katika nchi ya Wagiriama aliishi Mekatilili wa Menza, ambaye mwaka 1913 aliwaamsha watu wake wakatae amri za Waingereza, na viapo vikaliwa katika Kaya Fungo. Alikamatwa, akahamishwa mbali hata Kisii, na mwaka 1914 akarudi kwao. Baina ya wanawake hawa wawili ulipita mstari ambao Waingereza na Wajerumani walipatana mwaka 1886, uliotoka mlango wa mto Umba mpaka ziwa kuu la Viktoria. Hizo nazo zilikuwa nyumba mbili zishindanazo, na ugomvi wao haukuwa wa Nkomanile wala wa Mekatilili.

Je, ni halali kuwakutanisha katika mawazo? Ni halali, kwa sharti. Shujaa wa karatasi aweza kupewa upanga wo wote, kwa kuwa si mama wa mtu. Marehemu ana haki yake, maana hana tena kinywa cha kukana. Mekatilili hakutawala watu kwa upanga. Aliwavuta kwa ngoma ya kifudu na kwa kiapo. Anayemvika upanga ili apendeze zaidi amemwibia silaha yake halisi. Bali aketishwe na Nkomanile penye moto mmoja, kila mmoja na alicho nacho, kisha isikilizwe ambacho kila mmoja angemgawia mwenzake. Mmoja angesema kuwa maji hayakuzuia risasi. Wa pili angesema jinsi kiapo kinavyoweza kuwafunga watu kukataa kazi ya mgeni. Onyo moja na shauri moja vingezidi thamani ya panga mia.

Makuyuni si mbali na mfano wa namna hii. Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, amesimulia kuwa Mbegha, mwindaji aliyefukuzwa kwao Ungulu kwa kuwa alizaliwa kigego, alipanda milima ya Usambara akawagawia watu nyama ya nguruwe mwitu. Wenyeji walikuwa na vyakula vya shamba, yeye alikuwa na mawindo. Kila upande ulikuwa na upungufu ambao mwenzake aliweza kuujaza. Hivyo mgeni kutoka upande wa Wazigua na ndugu zao alifanywa mfalme wa Wasambaa. Vita vilivyofuata baada ya kufa kwa Kimweri mkuu mwaka 1862 vilikuwa vikali, na uchungu wake ulirithiwa. Lakini wanaorithi magomvi ya mababu wamesahau mara nyingi kurithi pia ile nyama na ule unga.

Basi wasichana wale wawili na wasikatazwe ndoto yao. Anayeuliza nani angeshinda atapata jibu moja, nalo litamwacha alipokuwa. Anayeuliza nani angemsaidia nani, na kwa kuacha nini, amelazimika kumjua shujaa wa nyumba ya pili kama anavyomjua wa kwake. Hawezi kufanya hivyo pasipo kuazima kitabu cha mwenzake. Na zizi huanza kupanuka siku ile vitabu viwili vinapobadilishana mikono.