Fungu la Michezo Chuoni

Fedha za michezo katika chuo kikuu zitumiwe kwa ajili ya nani? Suleiman Nyambui, aliyetutwalia nishani ya fedha katika mbio za mita 5,000 kule Moscow mwaka 1980, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Vyuo vya Marekani huwalipia wanariadha hodari karo, chakula na malazi; nasi tulishangilia matunda ya mti tusioupanda. Lakini katika vyuo hivyo maelfu hukaa majukwaani wakiwatazama wachache, na kocha aweza kulipwa mshahara unaoupita ule wa mkuu wa chuo.

Chuo chetu cha Mlimani kina deni kwa mkulima alipaye kodi. Mhitimu asiyewahi kushika filimbi ndiye kesho atakayekabidhiwa kipindi cha michezo katika shule ya sekondari, naye (hili tumeliona kwa macho yetu) atawapeleka watoto kupalilia bustani. Kwa hiyo fungu la kwanza twaona liende kwenye viwanja vya wote, wasichana kwa wavulana, na saa ya mazoezi isiyonyang'anywa na mihadhara. Akitokea mwingine mwenye miguu ya Nyambui, na alipiwe karo papa hapa. Ila kiwanja kiwe kimekwisha kufyekwa, na fungu la vitabu lisiguswe.