Betri Iliyokufa Bila Kuguswa

Ndugu mmoja hapa kanisani ana gari la spoti analolitoa Krismasi na Pasaka tu. Majuzi likakataa kuwaka. "Pasta, si hakuna mtu ameligusa!" Nikamwambia hiyo ndiyo shida. Gari likiegeshwa, saa na king'ora cha wezi huendelea kunyonya betri kidogo kidogo. Ikikaa sana bila moto, utando mgumu wa salfeti hufunika risasi iliyo ndani, na hata ukiichaji haishiki tena.

Njiani nikajiuliza: je, kutomkosea mtu ndiko kumpenda? Kaka yangu sijampigia tangu tumzike mama, nami husema, "Sina ubaya naye." Kumbe upendo nao huisha ukiwa umeegeshwa.

Usiku huo nilimpigia. Kwanza aliuliza nani amekufa.

Wewe je, nani anangoja simu yako?