Nyumba ya Bwana ni Takatifu kwa Namna Gani?



Neno "kanisa" katika lugha yetu lina maana mbili. Twasema, "Kanisa limekusanyika," tukiwataja watu. Tena twasema, "Kanisa limeezekwa bati," tukiitaja nyumba. Maana hizi mbili hukaa pamoja katika neno moja, na mara nyingine hugombana. Siku moja ya masika tuliyaona magombano hayo katika usharika wetu, nasi twataka kuyaeleza hapa, kwa kuwa swali lililotoka humo ni la sharika nyingi.

Ilikuwa siku ya soko. Mvua kubwa ikanyesha ghafula, na kina mama waliokuwa wakirudi na mizigo ya ndizi wakakimbilia ndani ya kanisa. Mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni. Naye hajabatizwa, wala hakuwa amewahi kuingia humo. Mtunza kanisa alipoyaona matope juu ya sakafu aliyoisugua kwa ajili ya Jumapili, akawatoa wote nje. Wazee wa kanisa walipokutana, mmoja akasema, "Amefanya vema, maana Bwana Yesu naye aliwafukuza watu wa soko hekaluni." Mwingine akajibu, "Nyumba ni matofali tu, na Mungu hakai katika matofali. Mbona watu wapigwe na mvua kwa ajili ya sakafu?" Nasi tuliokuwa tukiliongoza baraza tukalikubali neno la yule wa kwanza, tukafunga shauri.

Usiku ule tuliisoma tena sura ya 21 ya Mathayo. Habari ya wafanya biashara yaishia katika mstari wa 13. Mstari wa 14 wasimulia ya kwamba vipofu na viwete walimwendea Yesu mle mle hekaluni, naye akawaponya. Tuliusoma kana kwamba hatujauona kamwe. Bwana aliwaondoa waliokuwa wakijitafutia faida, na mahali walipopaacha pakajaa wenye shida. Kina mama wale hawakuuza kitu humo. Walitafuta mahali pakavu tu. Basi tulikuwa tumelitumia tendo la Bwana kuwafukuza watu ambao yeye angaliwapokea.

Je, yule mzee wa pili alisema kweli yote? La, si yote. Ni kweli ya kuwa Sulemani alipoliweka hekalu wakfu alikiri kwamba hata mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba aliyoijenga yeye. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 nalo laeleza Kanisa kuwa ni mkutano wa watakatifu, ambamo Injili hufundishwa kwa usafi na sakramenti hutolewa ipasavyo. Halitaji ukuta wala paa. Lakini sisi wanadamu si roho tupu. Tuna miili, na mwili hauna budi kuwa mahali fulani. Katekisimo Ndogo, ambayo Luther aliitoa mwaka 1529, yatufundisha ya kuwa maji ya Ubatizo si maji matupu, kwa sababu Neno la Mungu limefungamana nayo. Nyumba ya kanisa si sakramenti, wala haiondoi dhambi. Hata hivyo mafundisho hayo yatusaidia kufikiri. Matofali yake ni matofali. Ila humo tulibatizwa, humo twaila Meza ya Bwana, humo twawaombea wafu wetu mazishi ya amani.

Luther alipoliweka wakfu kanisa la jumba la mtawala huko Torgau, Ujerumani, tarehe 5 Oktoba 1544, alifundisha ya kuwa nyumba ile iwe na kazi moja: Bwana aseme nasi kwa Neno lake takatifu, nasi tumjibu kwa maombi na sifa. Basi utakatifu wa nyumba haukutoka katika udongo, umetoka katika kazi yake. Kwa hiyo haifai kuigeuza ghala wala duka, wala kupiga soga humo wakati wa ibada. Atakayeidharau nyumba hii kwa kusema ni matofali tu, asije akalidharau na Neno linalosemwa humo.

Lakini kama nyumba ni takatifu kwa ajili ya Neno, basi kinacholipinga Neno ndicho kinachoinajisi. Yakobo alionya juu ya kumpa tajiri kiti kizuri na kumsimamisha maskini. Naye Sulemani, siku ile ile ya kuweka wakfu, alimwombea mgeni asiye wa Israeli, ili akija kuomba mbele ya nyumba ile asikiwe. Tangu mwanzo mlango ulikuwa na nafasi ya mgeni.

Jumapili iliyofuata tulikiri kosa letu mbele ya usharika. Sasa mtunza kanisa ameweka maji na gunia la kupangusia miguu mlangoni, na mvua ikinyesha mlango huachwa wazi. Matope ya siku ile yalikwisha kuoshwa kabla ya jioni. Lakini mama yule mwenye mtoto hatujamwona tena, nasi hatujui atawaambia nini watu wake juu ya nyumba ya Mungu. Ndugu, mwombeeni, nasi mtuombee pia.