VYOMBO VYA FEDHA VILIVYOKWENDA UHAMISHONI
Masomo: Ezra 1:7-11, Danieli 5:1-4, Isaya 53:4-6

 

Mwezi huu tunatafakari juu ya kijiko cha fedha. Wengi wetu tunakula kwa vijiko vya kawaida au kwa mkono, na kwa hicho tunamshukuru Mungu. Lakini wako wazee wetu waliokimbia na kijiko cha zamani ndani ya kitenge, nacho leo ni cheusi kama kilitoka jikoni kwenye moshi. Mtu akikiona atasema ni chuma tu. Je, tutajuaje kwamba ni fedha?

Kwanza, geuza kijiko utazame nyuma ya mpini. Katika Uingereza, mfalme Edward wa Kwanza aliagiza mwaka 1300 kwamba chombo cha fedha kisiuzwe kabla ya kupimwa na kupigwa alama ya kichwa cha chui. Tangu mwaka 1544 ikaongezwa alama ya simba anayetembea. Fedha hiyo ni sehemu 925 katika 1000, na vijiko vingine vimeandikwa 925 wazi. Ukiona herufi EPNS, hicho ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha juu. Angalieni, wapendwa: anayepima si mfanyabiashara wa sokoni. Kwa hiyo msiuze kitu cha mama zenu kwa bei ya chuma chakavu kabla ya kusoma alama zake.

Nasi pia tumetiwa muhuri. Waefeso 1:13 inatufundisha kwamba waaminio wametiwa muhuri wa Roho Mtakatifu. Kadi ya mgao inasema tuko wangapi nyumbani. Haisemi sisi ni wa nani.

Pili, weusi ule unatoka wapi? Unatoka katika hewa na moshi, na hata katika yai, kwa sababu vitu hivyo vina salfa inayoshika fedha usoni. Kijiko hakikuuchagua. Hapa tunataka kusema wazi, maana jambo hili linaumiza watu wetu. Dada aliyetendewa ukatili njiani hakutenda dhambi. Kijana aliyeshikishwa bunduki angali mtoto alinyang'anywa utoto wake. Wamekuja hapa na giza la mahali walikopita, nasi tumewanong'ona bombani na kwenye foleni ya mgao, mpaka wengine wameacha kuja ibadani.

Vyombo vya hekalu navyo vilichukuliwa na Nebukadreza mpaka Babeli. Belshaza akavinywea divai pamoja na wageni wake, huku wakisifu miungu. Hakuna aibu kubwa kuliko hiyo kwa chombo kitakatifu. Lakini Koreshi alipovitoa, vilihesabiwa kimoja kimoja, vyote 5,400, vikarudishwa Yerusalemu. Hakuna aliyesema, "Hivi vilinyweshwa divai Babeli, viacheni huko." Vilikuwa vyombo vya Bwana siku vilipotoka, na vilikuwa vya Bwana hata mezani pa Belshaza.

Tatu, tunasafishaje? Ukisugua kwa mchanga, majivu au waya wa sufuria, weusi utatoka, lakini utaondoa na fedha yenyewe, na alama zitafutika. Iko njia nyingine. Tandika karatasi ya aluminiamu ndani ya beseni, weka kijiko kiiguse, tia soda ya kupikia, kisha mimina maji ya moto. Utasikia harufu kama ya yai bovu. Salfa inaiacha fedha na kushikamana na aluminiamu. Karatasi inachafuka, kijiko kinang'aa, na fedha yake inabaki. Kisha suuza na ukaushe kwa kitambaa laini.

Ndugu, je, hii si habari ya msalaba? Isaya 53 inasema juu ya Mtumishi aliyebeba huzuni zetu, na tena maovu yetu yakawekwa juu yake. Yote mawili: uchungu tuliotendewa na dhambi tulizotenda wenyewe. Aliyetenda dhambi na atubu, atasamehewa. Aliyetendewa na alie, atafarijiwa. Sisi tulio kanisa tusiwe mchanga na waya, tukiwasugua wenzetu kwa maneno mpaka alama ya Mungu isionekane tena.

Tunaomba kila nyumba, kabla ya Meza ya Bwana ya mwezi ujao, imtembelee mtu mmoja aliyeacha kuja. Msimuulize yaliyompata. Kaeni naye, ombeni naye, mkaribisheni aketi pamoja nanyi kwenye benchi. Akitaka kusema, atasema mwenyewe wakati wake.

Tuombe: Ee Bwana, uliyevihesabu vyombo vyako hata uhamishoni, utuhesabu na sisi. Utusafishe bila kutumaliza, na utufundishe kupokeana. Kwa jina la Yesu. Amina.