Mpiga Picha wa Harusi: Muulize Kwanza Atasimama Wapi



Vijana wapendwa, mpunga ukishaingia ndani huku bondeni, kamati za harusi nazo zinaanza kukaa. Kwa ninyi mnaosoma mkiwa Dar es Salaam au Mbeya: Muze iko chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, upande wa Ziwa Rukwa. Unatoka Sumbawanga mjini na sweta lako, unapita Ntendo, unashuka, na ukifika chini sweta umeshalivua. Nalisema hilo kwa sababu mpiga picha anayesifiwa kwa kawaida yuko mjini, na kumshusha huku ni ada yake, nauli, mahali pa kulala, na pengine kijana wa kumbebea taa.

Nasaidia kufundisha wachumba mafundisho ya ndoa, kwa hiyo nayasikia maswali yao. Kuhusu ahadi watakazotoa altareni hawaulizi sana. Wanauliza: "Mwalimu, tumchukue yule wa mjini mwenye droni au huyu wetu wa hapa?" Sicheki nikiulizwa hivyo. Kutaka kumbukumbu ya siku hiyo ni haki yao, na Mkristo anaruhusiwa kupenda picha nzuri. Ila tulitazame swali hilo kwa macho ya imani, maana limebeba mengi kuliko linavyoonekana.

Tuanzie Kana ya Galilaya, Injili ya Yohane sura ya 2. Ni harusi, na hata majina ya maharusi hatukuachiwa. Hatujui bibi harusi alivaa nini wala walikuwa wageni wangapi. Tunachojua ni kwamba divai iliwaishia, na kuna mama mmoja aliyeliona hilo mapema. Mimi huwa najiuliza: kungekuwa na kameramani siku ile, angekuwa ameelekeza kamera wapi? Bila shaka kwa maharusi. Muujiza ulikuwa unatendeka kule kwenye mabalasi ya mawe, na watumishi waliochota maji ndio walioujua. Mkuu wa meza mwenyewe alionja tu, hakujua divai imetoka wapi.

Kanisani ni hivyo hivyo. Jambo kubwa kuliko yote siku ya harusi yako halionekani kwenye picha. Katika Kanisa letu la Kilatini, wahudumu wa sakramenti ya ndoa ni ninyi wawili. Padri anapokea ahadi zenu kwa jina la Kanisa, lakini kinachofanya ndoa ni kukubaliana kwenu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1057, inasema hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuweka kitu kingine badala ya kukubaliana huko. Askofu hawezi kukubali kwa niaba yako. Mama mzazi hawezi. Kamera ndiyo kabisa.

Sasa nisimulie. Nilikuwa kwenye ndoa moja huku bondeni, sitaitaja. Bwana harusi alichukua pete, akasema maneno yake kwa sauti ya kutetemeka, akamvisha mwenzake. Kanisa zima kimya, hata watoto. Mpiga picha akanyosha mkono: "Samahani Padri, naomba warudie, flashi haikuwaka." Watu wakacheka. Bwana harusi, maskini, akaanza kuivua pete ili aanze upya! Padri akamshika mkono taratibu, akaendelea na sala.

Kilichonigusa pale ni wepesi wa yule kijana kutii. Alikuwa ametoka kusema neno ambalo halisemwi mara mbili, na kwa sekunde moja aliamini kwamba kama halikuingia kwenye kamera, basi halijatimia. Hajar, yule mjakazi wa Sara aliyekimbilia jangwani, alimwita Mungu kuwa ni Mungu aonaye. Ndugu yangu, ahadi yako imeonwa. Imeonwa hata taa zikizimika na betri ikiisha.

Mnakumbuka Papa Fransisko, Mungu amrehemu, alivyolalamikia simu kanisani? Ilikuwa Novemba 8, 2017, katika katekesi yake ya Jumatano. Alisema padri anapotualika tuinue mioyo, hatualiki kuinua simu tupige picha, na kwamba anasikitika kuziona zikiinuliwa hata na mapadri na maaskofu. Kwenye ndoa zetu ni mara kumi ya hapo. Mpiga picha mmoja anavumilika. Shangazi sita, wapambe na nusu ya kwaya wakisogea mbele na simu, wazazi waliokaa nyuma hawaoni hata mgongo wa mtoto wao.

Kwa hiyo, mpiga picha wa kumchagua ni yule anayejua yuko kwenye Misa. Si lazima awe Mkatoliki. Nimewaona Waislamu na Walokole waliofanya kazi hiyo kwa adabu ya kutushinda sisi wenyewe. Mpeleke kwa paroko kabla ya siku yenyewe, aelekezwe. Apige kutoka pembeni, asikatize kati ya altare na maharusi, asipande altareni wala asimgeuzie mgongo Yesu wa Ekaristi kana kwamba ni pambo la nyuma. Wakati wa mageuzo atulie kabisa. Na kule chumbani bibi harusi anapovaa, kuna picha ambazo hazina haja ya kupigwa. Mpambe wa kike mwenye simu nzuri anatosha kabisa.

Halafu hela. Hapa ndipo panaponiuma.

Kuna wenzetu wanaishi pamoja miaka mitatu, minne, wana mtoto, na Jumapili wanabaki kwenye benchi wenzao wakienda kukomunika. Ukiwauliza kwa nini hawafungi ndoa, hawasemi hawapendani. Wanasema, "Bado tunajipanga." Kujipanga maana yake ukumbi, keki, suti za wasimamizi, na huyo wa droni. Papa Fransisko aliliandika hili mwaka 2016 katika Furaha ya Upendo, namba 212: kwamba maandalizi ya sherehe yanawamaliza wachumba nguvu, na kwamba wapo wasiofunga ndoa kabisa kwa kuogopa gharama. Akawaomba wathubutu kuwa tofauti. Nadhani hakuijua Muze, lakini alituandikia sisi.

Kanisa linadai nini hasa? Wawili walio huru kuoana, ahadi yao, padri au shemasi mwenye mamlaka, na mashahidi wawili. Kanuni ya 1108, hakuna keki wala kamera. Baada ya hapo majina yenu yanaandikwa kwenye kitabu cha ndoa cha parokia, na taarifa inapelekwa kwenye kitabu cha ubatizo pale ulipobatizwa. Babu na bibi zetu wengi wa bonde hili hawana hata picha moja ya siku hiyo. Majina yao yamo mle kitabuni, na ndoa zilidumu.

Kama mpiga picha ndiye anayewachelewesha, mwacheni. Naongea wazi. Mchukueni kijana wa hapa mwenye kamera ndogo, au jozi tatu nne mnaofunga siku moja mchangie mmoja. Yesu alituuliza ni nani anayejenga mnara bila kukaa kwanza na kuhesabu gharama. Hesabuni. Nimeona maharusi ambao picha zao zilishikiliwa miezi mingi kwa sababu salio halikulipwa, na ugomvi wa kwanza ndani ya nyumba ukawa ni huo. Andikianeni mapema: ada jumla, kianzio, picha ngapi, lini zitakuwa tayari, na kama anaruhusiwa kuzirusha kwenye ukurasa wake.

Lakini na upande wa pili uwepo. Kamati zetu zina tabia ya kusema, "Huyu kijana wetu, tutamwona baadaye." Baadaye haifiki. Mmemsimamisha toka alfajiri, amekosa hata soda, mnampa asante. Yesu alisema mtenda kazi anastahili ujira wake, na Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unalia na kilio kinamfikia Mungu. Inakuwaje mtu apokee sakramenti asubuhi na jioni adhulumu? Mlipeni alichokubaliana nanyi. Na apewe sahani ya wali na samaki kabla chakula hakijaisha, maana wapiga picha na wapishi ndio hula makombo.

Siku ya kumpa maelekezo, mwambie pia atafute sura ambazo hakuna atakayemkumbusha: mama zako wadogo wanaogeuza pilau kwenye moshi, katekista aliyekufundisha, yule mzee wa jumuiya aliyetembea kwa miguu toka kijiji cha jirani. Mama Maria pale Kana aliangalia huko nyuma.

Picha zikija, msiziache kwenye simu. Simu zinaanguka majini, zinaibiwa. Safisheni japo kumi. Ya kwanza mpelekeeni bibi, maana hana simu ya kupangusa na amewasalia rozari kipindi chote cha uchumba.