Je, Mwenye Njaa Anaruhusiwa Kumaliza Mzinga?



Mwezi wa tano, mvua zilipokatika na kusi ikaanza kuvuma, lilitokea jambo hapa kwetu ambalo wengi wenu mmelisikia nusu nusu. Ndugu mmoja wa kambi yetu alikwenda usiku kwenye mbuyu wenye mzinga wa gogo, mali ya mzee wa kijiji jirani. Akawasha makuti makavu, akawachoma nyuki, akachukua masega yote. Yote kabisa, hata yale yenye majana. Watoto wake walikula asali siku ile, na majirani wakaonja. Nasi tunakiri: tuliletewa kikombe jioni, tukala kabla ya kuuliza kimetoka wapi.

Kesho yake mwenye mzinga alikuja kwa wazee wa kanisa. Hakuja na polisi wala panga. Alikuja na kipande cha sega kilichoungua, akakiweka mezani, akakaa kimya.

Kuhusu wizi hatutaandika mengi. Ndugu alikiri, akaomba radhi, akasamehewa. Lakini mzee yule alisema neno moja lililotukosesha usingizi. Alisema, "Angechukua nusu, ningekasirika siku mbili, basi. Lakini amechukua yote, tena mwezi huu." Ndipo tukajiuliza: je, namna ya kuchukua na majira ya kuchukua nayo ni sehemu ya kosa?

Ili tulijibu hilo, tuangalie kwanza nyuki wanavyoishi baridi inapokuja. Huko nyanda za juu kusini mwa Tanzania tulikosoma chuo cha Biblia, kulikuwa na mizinga nyuma ya bweni. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya kule inauma kweli, na asubuhi nyuki hawatoki mpaka jua lipande. Ndani ya mzinga hawakulala. Wanatetemesha misuli ile ile ya kurukia, mabawa yakiwa yametulia, ili majana yapate joto la nyuzi 34 au 35. Kuni za moto huo ni asali. Na Ulaya, ambako baridi hukaa miezi mingi, nyuki huwafukuza madume kabla ya baridi, kisha hujikusanya pamoja kumzunguka malkia, na wale wa nje huingia ndani kwa zamu kuota joto. Mfugaji wa huko huhakikisha wamebaki na asali ya kutosha, kilo 15 hata 20, au huwalisha maji ya sukari kabla baridi haijashika.

Pwani yetu kipupwe hakiui nyuki. Usiku wa mwezi wa saba shuka moja inatosha. Kinachouma hapa ni maua. Mvua zimekwisha, maua ya porini yanapungua, na mikorosho na miembe bado haijachanua. Kwa hiyo asali iliyomo kwenye gogo mwezi wa tano si ziada, ni chakula cha kuvukia.

Tena nyuki wetu wana njia nyingine, nayo ni kuhama. Wakiona njaa inakuja, hawaondoki kwa fujo. Malkia hupunguza kutaga, nao hungoja hadi majana ya mwisho yatoke kwenye vyumba vyao, hujaza matumbo asali, ndipo huondoka wote pamoja. Lakini kuna kuhama kwa pili, kule kwa kufukuzwa. Hapo huacha majana, huacha akiba, huruka kama walivyo. Wapendwa, sisi hatuhitaji mwalimu wa kutueleza tofauti hiyo. Wengine wetu tuliondoka Mocímboa da Praia mwaka 2020, wengine Palma mwezi Machi 2021, na hakuna aliyepewa nafasi ya kungoja.

Hatusemi kwamba nyuki ni sawa na mtu. Ndugu yetu alijitetea hivyo hivyo: "Ni wadudu, watapata mbuyu mwingine." Huenda waliosalia watapata. Pia alisema mgao ulichelewa na watoto wanne walikuwa wanalia, na hilo ni kweli. Ni rahisi aliyeshiba kumwambia mwenzake aache nusu. Maandiko yenyewe hayamhukumu mwenye njaa. Yonathani alipochovya ncha ya fimbo yake katika asali, akiwa amechoka vitani, baba yake alitaka auawe kwa ajili ya kiapo, lakini watu wakamwokoa. Ila Torati, ikizungumza juu ya kiota cha ndege njiani, inaruhusu kuchukua makinda na inaamuru mama aachwe aende zake. Kula kumeruhusiwa. Kumaliza ndiko kulikowekewa mpaka.

Hata warina asali wa Kiyao kule Niassa, jirani zetu, wanaoongozwa na ndege hadi kwenye nyuki, humwachia ndege huyo nta. Watafiti walichapisha habari zao mwaka 2016, wakaonyesha kwamba kwa mlio wao maalumu wa kumwita ndege, nafasi ya kuonyeshwa nyuki hupanda kutoka asilimia 16 hadi 54. Mapatano hayo yanaishi kwa sababu kila mmoja hupata chake.

Kwa maoni yetu, kilichomshika ndugu yetu usiku ule kilikuwa njaa pamoja na wazo tunalolijua wote, lile la kusema, "Hapa si kwetu." Mkimbizi hapandi mwembe, kwa maana anasema mwakani atakuwa amerudi nyumbani. Hukata mti mzima kwa ajili ya kuni za siku tatu. Tumekaa hivyo mwaka baada ya mwaka, na mbuyu ule umekuwa wa mzee na wa watoto wake, sisi tukijihesabu wapita njia. Njaa inaweza kumpa mtu udhuru wa leo. Lakini kipupwe cha mwakani kitawakuta wenyeji hapa, na pengine kitatukuta na sisi.

Wazee waliamua ndugu yetu atoe siku zake za kazi. Mzee amemfundisha kuchonga gogo, kulipaka nta kwa ndani ili nyuki walipende harufu, kutumia moshi wa makumbi bila mwali wa moto, na kuyaacha masega yenye majana pamoja na asali iliyo karibu nayo. Mzinga mpya umetundikwa wiki mbili zilizopita. Mpaka tunapoandika haya wameingia sisimizi tu. Mzee anasema tungoje mikorosho ichanue.