Kwa Bahati Mbaya

Kiswahili kina namna moja ya kuomba radhi ambayo siku hizi naitilia shaka. Mtu akimwaga chai kwenye daftari la mwenzake husema, "Samahani, ni bahati mbaya." Anachotaka kieleweke ni kwamba hakukusudia. Lakini maneno yenyewe yanasema jambo jingine, kwamba bahati ndiyo iliyomwaga chai. Kukosa nia na kukosa bahati tumevitia kwenye kapu moja, na kwa daftari lililolowa hakuna anayedhurika. Kwa moto, kapu hilo ni la hatari.

Naishi North Dakota, kaskazini mwa Marekani, kwenye nyanda ambazo watu wengi wakizitaja hufikiria baridi na theluji. Wenyeji wanajua kwamba kuna wiki chache kila mwaka ambazo theluji imekwisha kuyeyuka na nyasi mpya hazijachipua, kuanzia Machi hadi katikati ya Mei hivi. Ardhi yote imefunikwa na nyasi zilizokufa tangu vuli. Jani la nyasi ni jembamba, likipata jua na upepo kwa saa moja hivi huwa limekauka. Kwa hiyo mvua inaweza kunyesha asubuhi, na alasiri mbuga ikawaka. Tena, kiangazi chenye mvua nyingi, ambacho kila mfugaji hukishukuru, huacha nyasi nyingi zaidi za kuungua mwaka unaofuata. Baraka ya mwaka jana ndiyo kuni za mwaka huu.

Mwaka 2021 ukame ulipobana, watu waliona maana ya wiki hizo. Tarehe 29 Machi, moto karibu na Rapid City, South Dakota, ulilazimisha watu kuhama nyumba zao, na mnara wa Mount Rushmore ukafungwa. Siku tatu baadaye mji mdogo wa Medora, magharibi mwa North Dakota, nao ukahamishwa watu. Upepo wa nyanda hizi hauna mlima wa kuuzuia, na moto wa nyasi ukishapata upepo, mtu hawezi kuushinda kwa mbio.

Kabla ya moto huja utabiri. Mwelekeo wa msimu unaotolewa hapa umejengwa kama ule tunaousikia Tanzania kabla ya masika: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Bila taarifa yoyote, kila fungu lina nafasi moja kati ya tatu. Ramani ikisema kuna asilimia 40 ya mvua kuwa chini ya wastani, imebakiza asilimia 60 kwa mafungu mengine mawili. Huo si unabii. Ni kusogezwa kidogo kwa mizani. Utabiri wa siku ndio wenye meno. Unyevu wa hewa ukitarajiwa kushuka hadi karibu asilimia 20, na upepo kufika kilomita 40 kwa saa au zaidi, Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya bendera nyekundu, na katika kaunti nyingi siku hiyo huwa ni marufuku kuwasha moto nje.

Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Siku moja ya bendera nyekundu, wakulima wawili wanachoma taka kwenye mapipa yao, kila mmoja uani kwake. Wa kwanza taka zake zinaungua, majivu yanapoa, anaingia ndani kula. Wa pili anapigwa na upepo wa ghafla, cheche inaruka uzio, na jioni jirani yake hana ghala wala ng'ombe. Nia zao ni moja, uzembe wao ni mmoja. Je, kosa lao ni moja?

Kant, mwaka 1785, alishikilia kwamba thamani ya nia njema haiongezwi na mafanikio wala haipunguzwi na kushindwa. Ukimfuata hadi mwisho, uzembe nao utapimwa ulipotendeka, na wakulima wetu watakuwa sawa. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliipa hali hii jina, bahati ya kimaadili. Nagel alitoa mfano wa dereva mlevi anayepanda njia ya waenda kwa miguu. Kukiwa na mtu pale, dereva ni muuaji. Kusipokuwa na mtu, amepata bahati tu. Tunasema kwamba hatumhukumu mtu kwa yale yasiyo mikononi mwake, kisha tunafanya hivyo kila siku.

Kwa muda mrefu niliona hili ni fumbo la darasani. Kisha likanijia kwa Kiswahili. Nje ya mji ninakosoma kuna mzee kutoka Kivu aliyepanga nyumba ya shambani. Namwita Papa, kama Wakongo wanavyowaita wazee wao. Nilimtembelea Aprili moja, nikamkuta amekaa karibu na pipa lake la taka ambalo bado lilikuwa linafuka. Tahadhari ya siku ile ilikuwa kwenye simu yangu tangu asubuhi. Nikamwambia. Akaangalia pipa, akaangalia mbuga, akacheka. "Sasa, mdogo wangu, moto iko wapi?"

Nilimjibu kwamba utabiri haukusema moto utatokea. Ulisema cheche ikiruka leo, hakuna atakayeizima. Kwamba haikuruka si ushahidi kwamba utabiri ulikosea, kama vile kufika salama hakuonyeshi kwamba breki zilikuwa nzima. Papa alifikiri kidogo, kisha akanionyesha simu yake. Ujumbe uleule ulikuwapo. Alikuwa ameusikia ukilia asubuhi, lakini umeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo yeye anaisoma kwa shida.

Nimerudi kwenye dakika hiyo mara nyingi, kwa sababu Papa alikuwa na hoja mbili na alianza na ile dhaifu. "Hakuna kilichotokea" si utetezi. Hiyo ni habari ya upepo, haimhusu yeye. "Sikujua" ni utetezi wa kweli, maana uzembe huhitaji mtu aliyeonywa, au aliyepaswa kujua. Ila utetezi huo una tabia moja: mtu huutumia mara moja tu. Tangu alasiri ile Papa anajua bendera nyekundu ni nini, na pipa lile likiwashwa tena siku kama hiyo, halitakuwa pipa lilelile.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu wakulima wawili ni hili. Lawama zao ni sawa, kwa sababu kosa lilikamilika njiti ilipowashwa, wote wawili wakiwa wameonywa. Madeni yao hayalingani. Aliyeunguza ghala ana ng'ombe wa kulipa na uso wa jirani wa kuutazama, na si haki mwenzake kumhukumu kutoka dirishani kana kwamba yeye ni mtu wa aina nyingine. Aliyeponyoka naye anadaiwa: anadaiwa kujua kwamba ameponyoka. Wengi wetu deni hilo hatulilipi. Tunaligeuza kuwa uzoefu. "Nimechoma miaka 20, sijawahi kuona tatizo," tunasema, na bahati inavaa nguo za ujuzi.

Msomaji anaweza kuniuliza, basi tusiwashe kabisa? Hapana. Nyanda hizi zililelewa na moto. Watu wa asili wa hapa walichoma nyasi kwa makusudi, na nyati walifuata majani mabichi yaliyochipua baadaye. Hata leo wataalamu huchoma mbuga kwa mpango. Lakini Aprili 2013, huko South Dakota, moto wa mpango uliowashwa na Idara ya Misitu ya Marekani ulitoroka na kuunguza zaidi ya ekari 10,000, yakiwamo malisho ya wafugaji. Hawakuwa wahuni, walikuwa wataalamu wenye mpango mkononi. Nia njema na utaalamu havibadilishi ukavu wa nyasi. Kinachobaki mikononi mwetu ni uchaguzi wa siku.

Kwetu Iringa, moto unaotoka shambani na kuingia msituni tunauita moto kichaa. Jina hilo nalipenda na kuliogopa, kwa sababu linaupa moto wazimu na kumwacha aliyeuwasha na akili zake timamu. Tuna pia methali ya kufungia mazungumzo: ajali haina kinga. Kwa radi iliyopiga mbuga usiku, nakubali. Kwa njiti iliyowashwa siku ya bendera nyekundu, methali hiyo inatumika vibaya, maana kinga ilikuwapo na ilikuwa rahisi mno: kusubiri hadi kesho.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kesho hiyo haitangazwi kwa lugha zote. Ikiwa onyo ndilo linalogeuza bahati mbaya kuwa kosa, basi anayelielewa onyo amebeba sehemu ya mzigo kwa ajili ya asiyelielewa. Siku hizi tahadhari ikitoka, narekodi ujumbe wa sauti kwa Kiswahili na kuutuma kwenye kundi letu la WhatsApp: leo upepo ni mkali, nyasi ni kavu, tusiwashe kitu. Huchukua sekunde 20. Siku nyingi hakuna kinachotokea, na wapo wanaonitania kwamba nabii wao ameshindwa tena. Nawaacha wacheke. Siku ambayo hakuna kilichotokea ndiyo siku niliyokuwa naiomba.